Risala ya Wahudumu wa Kituo Kisicho na Hitilafu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa kampuni yetu. Meneja wetu wa kituo. Maafisa mlioongozana na mgeni. Wateja wetu, madereva na majirani. Mabibi na mabwana.

MAKARIBISHO

Karibu sana, Mama. Karibu kituoni kwetu, na karibu katika chumba hiki, ambacho siku za kawaida ni chumba cha wateja kusubiria magari yao yakichaji. Ndiyo maana viti vimefungwa kwa vyuma sakafuni na hatukuweza kuvigeuza vikuelekee. Tutakutazama upande upande, utusamehe. Jana tumefuta vioo, tumefagia uwanja, tumepaka rangi upya mistari ya maegesho. Kama kiatu chako kimeshika rangi nyeupe, hiyo ni haraka yetu, wala si dharau.

Tumeambiwa umekuja kutukabidhi ngao ya kituo bora, kwa kuwa mwaka mzima mashine zetu nne za kuchajia magari ya umeme hazikuripoti hitilafu hata moja, wala hapakuwa na ajali hata moja. Ngao tuliiona ilipoletwa, kabla ya kufunikwa. Ipo mezani mbele yako, imefunikwa kitambaa cha bluu, nayo ni kubwa kuliko tulivyotegemea. Tuseme mapema ili usije ukadhani sisi ni watu wasio na shukrani: hatujawahi kupewa kitu kama hicho maishani, na wengine wetu tulishawatangazia watoto nyumbani.

Risala hii tumeiandika wote pamoja, baada ya kazi, tukigombania kila neno. Wapo waliotaka tutoe shukrani, tupige makofi, tukae. Walisema, "Mgeni haonyeshwi paa linalovuja." Wengine wakajibu, "Mvua ikinyesha si ataliona mwenyewe?" Hao wa pili walishinda, kwa kura chache. Kwa hiyo tunaomba utuvumilie.

HISTORIA YA KITUO

Mgeni rasmi, kituo hiki kilikuwa cha mafuta. Pampu ziling'olewa, mashimo yakafukiwa, na wengi wetu tuliokuwa tunashika bomba la petroli tukabakizwa. Injinia aliyeletwa kutufundisha mashine mpya alitupa somo la asubuhi moja. Alisema, "Hii si pampu, jamani. Mteja atachomeka mwenyewe, atagusisha kadi mwenyewe, ataondoka mwenyewe. Ninyi kazi yenu ni kuelekeza, kufagia na kutabasamu."

Mmoja wetu akamuuliza, "Na ikigoma?"

Akacheka. "Haigomi hii."

Iligoma wiki ileile, naye akiwa ameshaondoka.

Tangu hapo tumeishi na mashine hizi mpaka tumezipa majina. Namba moja tunaiita Mtakatifu, haina ugomvi na mtu. Namba tatu ni Kigeugeu, asubuhi inakubali kadi yako, jioni haikujui. Namba nne ni Bubu, maana skrini yake ilizimika zamani. Inachaji kimyakimya, na mteja anabaki kuomba Mungu. Namba mbili ndiyo Mkwe. Tuliiita hivyo kwa sababu huendi mbele yake bila adabu, na hata ukienda na adabu zote, bado unaweza kukataliwa.

MAFANIKIO

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Tunajivunia kusema kwamba hakuna mteja aliyewahi kuondoka hapa bila chaji kwa kosa la mashine. Shahidi wetu ni kila aliyewahi kuingia hapa akitukana na akatoka akitupungia mkono.

Mteja huja gari likiwa hoi, anachomeka, mashine inanyamaza. Kwanza anaipiga kofi. Tunamwambia, "Taratibu kaka, hiyo haina ugomvi na wewe." Mara nyingi kosa limo ndani ya gari lake: ameliwekea saa ya kuchaji, gari linangoja saa hiyo ifike, naye analaumu mashine. Tunamwonyesha pa kuifuta, anaona haya, tunacheka naye. Mwingine hajazima gari. Mwingine amegusisha kadi kabla ya kuchomeka, wakati mashine inataka kuchomekwa kwanza. Isipokuwa Kigeugeu, ambayo inataka kinyume chake. Kadi ikikataliwa tunamzuia asiigusishe tena na tena, maana itafungwa, na badala yake alipie kwa simu. Mtandao ukipotea tunamwambia ukweli kwamba umepotea, kisha tunamtafutia kiti.

Plagi ikinasa kwenye gari, wengi huivuta kwa hasira na kuivunja. Sisi tunamwambia afungue milango ya gari kwa rimoti, tunaisukuma plagi ndani kidogo, halafu tunaivuta. Inatoka yenyewe. Pini zikiwa na vumbi tunaizima mashine, tunazipuliza kwa hewa na kuzifuta kwa kitambaa kikavu. Hatutumii maji. Na hatutumii mate, mgeni rasmi, ingawa kuna bwana mmoja, mtu mzima mwenye tai, tulimkuta karibu azitemee.

Haya yote hakutufundisha mtu. Mmoja alijaribu, akafaulu, akamwonyesha mwenzake.

Sasa Mkwe. Plagi yake ina ulimi mdogo wa kuifunga ndani ya tundu la gari. Ulimi huo umelika. Plagi inaingia lakini haishiki, na kwa uzito wa kebo inainama. Ikiinama tu, umeme unakatika. Dawa tuliyoipata ni kuishikilia. Unasimama, unainua kichwa cha plagi kidogo, kama unavyomwinulia mgonjwa kichwa anapokunywa dawa, na hapo mashine inatulia. Lakini usiachie. Utasimama hivyo mpaka mteja apate chaji ya kumtosha. Tumekuwa tukipokezana, jua liwe kali, mvua inyeshe. Ikitokea mkono umechoka na umeme umekatika, mashine inakupa nafasi ndogo ya kuirudisha kabla haijapeleka taarifa makao makuu. Sisi ni wepesi. Daima tumewahi.

Na hiyo, Mama, ndiyo siri ya ngao. Hitilafu zilikuwepo kila siku. Tulikuwa tumezishika mkononi.

Si kwamba tulinyamaza. Tulimweleza meneja wetu, naye, tumshukuru, alipiga simu makao makuu mbele yetu akiwa ameweka sauti ya juu tusikie. Kijana wa huko alimjibu kwa heshima kabisa: "Boss, namba mbili kwangu inaonyesha nzima. Siwezi kumtuma fundi kwenye mashine nzima." Meneja akasema, "Njoo uone, watu wanaishikilia kwa mikono." Akajibiwa, "Basi waambie waache kuishikilia." Simu ikakatika. Wakati huo palikuwa na magari matatu kwenye foleni, na wa mbele alikuwa na mtoto mgonjwa kiti cha nyuma. Tukaenda kushika.

CHANGAMOTO

Hapa, mgeni rasmi, risala nyingine zingetaja choo, sare na kivuli. Choo chetu kinahitaji mlango na kivuli hatuna. Lakini hayo tunayaacha, kwa sababu leo tuna changamoto moja tu, nayo ni mtu. Sisi tunamwita Shangazi.

Ni mwenzetu tangu enzi za petroli. Tulimwita Shangazi kwa sababu kila mteja kwake ni mtoto wa kaka yake. Anamwambia dereva wa lori mwenye mvi, "Mwanangu umekula? Basi kaa chini, gari nalo lile." Ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua namna ya kumtuliza Mkwe, na sote tulijifunza kwake kushika.

Siku hiyo ilikuwa mchana. Mtakatifu ilikuwa na gari, Bubu ilikuwa na gari, Kigeugeu haikuwa na mtandao. Akaingia mkunga wa zahanati, mteja wetu wa siku zote, akashuka akiacha mlango wa gari wazi.

"Shangazi, nina asilimia tatu. Kuna mama anajifungua, na mtoto ametanguliza miguu."

"Njoo kwa Mkwe. Nitakushikia."

Akashika. Plagi ilipata joto, lakini plagi zote hupata joto, hatukushtuka. Mmoja wetu alipita na ufagio, akamuuliza, "Nikupokee?" Akasema, "Bado kidogo. Nikiachia itaanza upya, na huyu hana muda wa kuanza upya." Ni kweli, Mkwe ikikatika mara nyingi huikataa kadi kwa muda. Baadaye alivua kitambaa chake cha kichwani akakizungushia mkono. Tulidhani ni jasho. Kumbe plagi ilikuwa na ufa kwa chini, mahali ambapo asiyeishika hawezi kuuona, na pini ndani zilikuwa zinaungua.

Mkunga ndiye aliyesikia harufu. "Shangazi! Mkono wako!"

"Una ngapi?"

"Shangazi, achia!"

"Nakuuliza una ngapi?"

Alipotajiwa kwamba inatosha kufika, alichomoa plagi, akairudisha mahali pake, akamwambia, "Nenda." Gari lilipotoka getini ndipo alipokaa chini. Kitambaa kilikuwa kimeyeyukia mkononi. Tulipojaribu kukitoa kilitoka na ngozi ya kiganja. Hakulia yeye, tulilia sisi, na mwanamume mmoja miongoni mwetu alikwenda nyuma ya ukuta na hakurudi mpaka jioni.

Mkunga aliwahi. Mama yule yuko salama na mtoto wake yuko salama. Mkunga yupo nasi leo, amekaa safu ya nyuma, na aliye kando yake ndiye Shangazi mwenyewe. Ukimwona mama anayepiga makofi kwa kupiga paja lake, usidhani anakudharau.

Baada ya wiki alikuja afisa wa ajali. Hatumlaumu, ni kijana mstaarabu, alituamkia wote. Alifungua kompyuta yake kwenye kaunta hii hapa, akaangalia, akaangalia tena. Akasema, "Siku hiyo namba mbili haikuwa na hitilafu. Gari lilichaji bila kukatika mwanzo hadi mwisho. Sasa mashine isiyo na hitilafu ilimuunguzaje?"

Tukamwambia, "Haikukatika kwa sababu hakuachia."

Akasema, "Hilo halimo."

Akaongeza kwamba mhudumu haruhusiwi kugusa plagi gari likiwa linachaji, hivyo aliyegusa amejitakia. Shangazi akaondolewa kazini. Plagi ya Mkwe ikabadilishwa kwa nyingine iliyotoka kituo kingine, na hiyo nayo, Mama, ulimi wake umelika vilevile.

Daktari anasema vidole vya mkono wa kulia havitanyooka bila upasuaji, na upasuaji huo ukicheleweshwa, ngozi ikikaza kabisa, hautasaidia tena. Hospitali inasubiri kampuni ikiri kwamba aliumia kazini. Kampuni inasubiri hitilafu. Mashine inasema haina. Tumekwama hapo, na siku zinakwenda. Binti yake ndiye anayemfunga vifungo vya gauni. Juzi tulikwenda kumjulia hali, tukamkuta anatutania sisi badala ya sisi kumfariji: "Mkono umeshakunja ngumi wenyewe, nitafutieni tu wa kumpiga." Tulicheka kwa sababu alitaka tucheke.

Mgeni rasmi, tuna hasira. Tunalisema kwa adabu, lakini tunalisema. Tuna hasira na maneno yale, "hilo halimo", na tuna hasira na wepesi wetu wenyewe. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi tulidhani tunamsaidia mteja, na mteja kweli tulimsaidia. Lakini kila tulipowahi kuirudisha ile plagi, tulikuwa tunafuta ushahidi wa Shangazi kabla hata hajaungua.

MAOMBI

Ombi la kwanza ni Shangazi. Tunaomba ukiri, wewe mwenye uwezo wa kukiri, kwamba mkono ule uliungulia kazini, ili apelekwe hospitali wiki hii, si mwezi ujao. Na arudishwe kazini. Akirudi hatutamruhusu ashike chochote. Atakaa kwenye kiti aulize wateja kama wamekula.

Tumesikia pia kwamba mashine za aina hii zimeagizwa kwa vituo vingine vingi, kwa sababu hapa kwetu hazijawahi kukosea. Tunakuomba kwa moyo wote usimamishe hilo kwanza. Huko nako wapo akina Shangazi. Nao watashika.

Tunaomba vilevile kwamba mhudumu akisema mashine ni mbovu, neno lake lipokelewe kama taarifa, hata kama kompyuta inasema nzima. Sisi ndio tuliosimama nayo.

Kuhusu ngao, tulibishana sana kuliko yote. Ni nzuri, na ukuta ule pale tuliuachia nafasi. Lakini imeandikwa hakuna hitilafu wala ajali, na tukiipokea mbele ya watu hawa wote tutakuwa tumekubali kwa mikono yetu wenyewe kwamba siku ile hakuna kilichotokea. Hatuwezi, Mama. Tunaomba isifunuliwe. Badala yake tupe hitilafu moja: namba mbili, siku ile, mchana ule. Iandikwe kwa jina la kituo chetu, na kituo chetu kisiwe bora tena.

HITIMISHO

Jambo la mwisho halikuwamo tulipoandika risala hii. Tumeliongeza kwa kalamu muda mfupi uliopita, ulipokuwa unasalimiana na wateja.

Ulipofika, dereva wako aliliingiza gari lako kwenye namba mbili, maana ndiyo iliyokuwa wazi. Alichomeka, plagi ikainama, akatugeukia akauliza, "Mbona haishiki?" Hatukumpangia mtego, Mungu ni shahidi. Mwenzetu mmoja, tunamwita Mpole, alifanya tunavyofanya siku zote. Aliinua plagi na kumwambia, "Ingia ndani kaka, kapate kiti." Kwa hiyo dereva wako yupo humu ndani, Mpole yupo nje. Tangu ulipofika, kabla hata ya sala ya ufunguzi, amesimama juani ameshika. Amevaa glavu nene, na plagi hii tumeikagua, haina ufa. Na huko makao makuu, muda huu tunaposoma, namba mbili inaonyesha nzima.

Tumekubaliana naye kwamba leo aachie. Hatakimbilia kuirudisha. Mashine itapiga mlio, taa nyekundu itawaka, na kwa mara ya kwanza taarifa itakwenda yenyewe hadi kule inakopaswa kwenda, na itakuwa ya gari lako. Tunaomba radhi kwa chaji utakayopungukiwa; tutalisogeza gari kwa Mtakatifu na utaondoka salama. Tunachoomba ni kitu kimoja: mlio ukisikika, mtu yeyote asikimbie kwenda kushika, hata kwa wema.

Mwenyezi Mungu akulinde, Mama. Aibariki nyumba yako, kazi yako na safari zako, na akutunzie mikono yote miwili mpaka uzeeni. Mpole anatusikia kupitia dirisha lile, na tumemwambia aachie tukishataja sisi ni akina nani.

Ni sisi, wahudumu wote wa kituo hiki, na Shangazi akiwa mmoja wetu.